Land Rover ya mzee: tupake rangi gani?

Hapa Kamituga, ku garaje moja, kuna Land Rover ya zamani. Mzee aliyeiendesha wakati wa SOMINKI (1976–1997) alishakufa. Batoto banaitengeneza ibebe batu mpaka Bukavu. Mkubwa anataka nyeupe. Mama anakataa: ile kijani ndiyo baba yao. Hawasemezani tena.

Sisi wa sendika tulienda kuangalia. Bodi ni ya alumini, haioze hata bila rangi. (Land Rover za kwanza, 1948, zilipakwa kijani iliyobakia ya ndege za jeshi!) Lakini shasi ni chuma, na kutu imeshaikula. Tukasema: pesa ya rangi iende kusudea shasi, kijani ibaki. Barabara ya Mwenga munaijua. Mkubwa alinyamaza, akaita msudeaji.