Umeachiwa Peugeot 504 ya Guka? Hivi Ndivyo Utairudisha Barabarani Bila Kusota

Kila familia iko na ile ndai imelala shagz chini ya turubali, kuku wanataga kwa kiti ya nyuma. Mara mingi ni Peugeot 504, ile moti ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Sasa guka ameenda, umeambiwa ni yako, na wasee wa mtaa wanakushow uanze na rangi na rimu.

Tulia kwanza. Gari ya zamani haikuui juu imekataa kuwaka. Inakuua juu imewaka, alafu ikakataa kusimama. Kama doo ni kidogo, fuata hii rada.

1. Makaratasi kabla ya spana

Kama logbuku iko kwa jina la marehemu, "tuliongea kwa familia" haitoshi. Lazima korti itoe hati ya kusimamia mirathi, alafu iithibitishe, kawaida baada ya miezi 6, ndio NTSA ibadilishe jina. Ukichukua ama kuuza mali ya marehemu bila ruhusa, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinasema faini hadi Sh10,000, jela hadi mwaka mmoja, ama zote mbili. Na unajua vile maanko hukumbuka gari ni ya familia siku ile imeanza kung'aa.

2. Usikimbilie ufunguo

Mwaga petroli yote ya kitambo, osha tenki na kabureta, weka filta mpya na paipu mpya za mpira. Mpira uliopasuka ukidondosha petroli kwa injini moto, gari inaungua na wewe ndani.

Badilisha oili. Toa plagi, weka oili kidogo kwa kila silinda, alafu zungusha injini na mkono. Ikizunguka bila kukwama, uko na bahati.

Usisahau paipu za maji pia. Hedi ya 504 ni ya alumini. Ikichemsha vibaya inajipinda, na hapo bajeti imekufa.

3. Breki: hapa hakuna kubahili

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, so miaka ikisonga chuma inashika kutu ndani. Badilisha mafuta yote na paipu za mpira, juu paipu inaweza kukaa fiti nje na imefura ndani. Kagua magurudumu yote 4.

4. Matairi yako na umri

Cheki ubavuni namba 4 za mwisho za DOT. 2309 ni wiki ya 23 ya 2009. Ikishapita miaka 10, tupa, ata kama meno ni mapya.

5. Dunga sakafu na bisibisi

Ikipenya, hiyo ni kutu. Cheki pia penye springi zinashikilia bodi. Chomelea kwanza.

Utasave wapi sasa?

Enda Kirinyaga Road, ile wazee bado huita Grogan. Beba spea mzee mkononi ulinganishe, ununue mwenyewe, na ulipe fundi ufundi pekee. Taa, vioo, milango na viti, chukua mtumba. Kitu yoyote inasimamisha gari ama inabeba petroli, nunua mpya.

Jaribu breki pole pole kwa uwanja, kata bima, alafu peleka gari ikaguliwe kabla ya haiwei.

Rangi itangoja. Siku cucu atataka kupelekwa kanisa, hatauliza rimu ni inchi ngapi. Atataka tu kufika.