Afya, Siha na Ustawi: Istilahi za Mipango ya Siha Mahali pa Kazi

Katika miaka ya karibuni watafsiri wa wizara, mashirika ya umma na makampuni wamekuwa wakiletewa miongozo, fomu na matangazo yahusuyo mipango ambayo mwajiri huiandaa ili wafanyakazi wake wafanye mazoezi, wale vizuri, waache sigara, wapime shinikizo la damu na sukari, na wapate mtu wa kuzungumza naye wanapoelemewa. Kwa Kiingereza mambo yote hayo hukusanywa chini ya neno moja, "wellness", ambalo lilipata maana yake ya sasa hasa kwa juhudi za daktari Mmarekani, Halbert Dunn, aliyechapisha kitabu juu ya dhana hiyo mwaka 1961. Makampuni ya huko yaliipokea; Johnson & Johnson, kwa mfano, ilianzisha mpango wake mwaka 1979. Kwetu Tanzania dhana hii iliingia kwa mlango mwingine: kwanza kamati za UKIMWI mahali pa kazi, kisha magonjwa sugu yasiyoambukizwa yakaunganishwa nayo, kama ilivyofanywa katika mwongozo wa utumishi wa umma wa mwaka 2014. Mlango huo umeacha alama katika lugha, na mtafsiri asiyeiona alama hiyo huandika matangazo ambayo watu huyakimbia.

Tuanze na kitenzi kupima, kwa kuwa ndicho chenye matata zaidi. Tangu UKIMWI uenee nchini, kitenzi hiki kikitumiwa bila kutaja kinachopimwa, aghalabu hueleweka kuwa ni kupima virusi vya UKIMWI. Mtu akisema "nimeshapima", ni nadra kuulizwa amepima nini. Wakati huohuo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mfanyakazi achunguzwe na daktari kabla ya kuanza kazi na tena baada ya vipindi maalumu, ili ijulikane kama anaifaa kazi hiyo na kama kazi yenyewe haimdhuru. Na katika ofisi za serikali kitenzi hichohicho hutumika kwa utendaji: mtumishi hupimwa kazi yake kila mwaka. Sasa tuchukue tangazo la aina inayobandikwa ubaoni: "Watumishi wote watapimwa afya siku ya Ijumaa." Kisarufi sentensi haina dosari. Lakini msomaji wake ana haki ya kujiuliza: je, ni virusi? Je, ni uchunguzi wa kisheria ambao ukinishinda nitaondolewa kwenye mashine? Au ni mzani na kipimo cha presha tu? Mwenye shaka hukaa nyumbani siku ya Ijumaa, na mara nyingi mwenye shaka ndiye mwenye presha.

Hili si jambo la kukisia tu. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilifanya jaribio la mpango wa namna hii kwa watumishi wake karibu 5,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Ilionekana kwamba waliojiunga kwa hiari walikuwa tangu awali na tabia bora za kiafya na gharama ndogo za matibabu kuliko wasiojiunga. Na mpango wenyewe haukuonyesha tofauti ya maana katika gharama wala katika siku za kutokuwapo kazini. Kuna sababu nyingi za matokeo hayo, na hatudai kwamba lugha ni mojawapo huko Illinois. Lakini yakitokea hayo mahali ambapo hakuna woga wa neno, basi mahali penye woga hatuna budi kuwa waangalifu zaidi.

Baadhi ya watafsiri wamejaribu kuondoa woga huo kwa kuandika "upimaji wa hiari". Kwa bahati mbaya hilo ndilo jina lililozoeleka la huduma ya kupima virusi katika vituo vya ushauri nasaha, kwa hiyo dawa imekuwa kali kuliko ugonjwa. Tunaona ni afadhali mambo mawili yatenganishwe. Uchunguzi unaoamriwa na sheria uitwe uchunguzi wa afya kazini, na neno kupima lisitumike hapo kabisa. Huduma za hiari zitajwe kwa kile kinachopimwa: shinikizo la damu, sukari, uzito, macho. Aidha, kauli ya kutendwa iachwe. "Watumishi wanakaribishwa kupima shinikizo la damu" ni Kiswahili cha mtu anayekwenda mwenyewe; "watapimwa" ni Kiswahili cha ng'ombe wa josho. Kama virusi vya UKIMWI navyo vitapimwa siku hiyo, visemwe waziwazi na kwa sentensi yake peke yake, kwani Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekataza kumlazimisha mtu kupima isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo.

Sasa tuje kwenye jina la mpango wenyewe. Hati tulizo nazo hutumia afya, siha, uzima na ustawi kana kwamba ni kitu kimoja. Afya na siha yote mawili yana asili ya Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyagawia kazi kwa namna yake. Kwa Kiarabu wizara inayoshughulikia hospitali huitwa kwa neno lililotupa sisi siha; Waswahili wameipa wizara hiyo afya, na siha ikabaki huru, ikimaanisha ukamilifu na nguvu za mwili wa mtu mwenyewe. Twaulizana siha, twatakiana siha njema. Hatuna bwana siha wala kituo cha siha. Uhuru huo ndio unaolifanya neno hili lifae. Uzima nao ni neno zuri na la Kibantu, ila limekwisha kubebeshwa mzigo wa uzima wa milele na wa utu uzima. Ustawi, litokanalo na kustawi kwa mmea, limeshika mizizi katika ustawi wa jamii, na mfanyakazi akilisikia hutarajia mikopo, usafiri na mchango wa mazishi. Matarajio hayo si mabaya, lakini si ya mpango huu.

Kwa hiyo tunapendekeza: usalama na afya mahali pa kazi kwa yale yanayomhusu mwajiri kisheria, yaani vumbi, kelele, kemikali na mashine, siha ya wafanyakazi kwa mipango ya hiari, na ustawi wa wafanyakazi kwa masilahi mapana yanayoyazunguka haya. Faida yake si ya kamusi tu. Hati zikichanganya la kwanza na la pili, mwajiri anaweza kununua jezi za bonanza na kudai ametimiza wajibu wake, ilhali vumbi la kinu linaendelea kuingia mapafuni.

Wapo watakaosema siha ni neno la vitabuni, halijulikani bara. Jibu letu ni kwamba umma hujifunza neno linapoandamana na kitendo. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao 2,000,000 kwa vikundi vya kusikiliza redio, na maneno yake yalikwenda pamoja na vyoo vilivyochimbwa. Yafaa kutazama pia jinsi jina hilo lilivyoundwa: maneno matatu, hakuna nomino dhahania iliyobebana na nyingine. Tulinganishe na "Programu ya Uboreshaji wa Ustawi wa Kiafya wa Rasilimali Watu", jina ambalo hata mwenye kulitunga hawezi kulitamka akikimbia mchakamchaka.

Istilahi nyingine inayohitaji kuangaliwa upya ni msongo wa mawazo. Msongo peke yake, kutokana na kusonga, ni neno barabara. Tatizo ni hayo mawazo. Yanaiweka asili ya dhiki ndani ya kichwa cha mgonjwa, na mshauri akiisoma fomu atamwambia apunguze kuwaza. Lakini muuguzi anayefanya zamu mbili mfululizo hasongwi na mawazo. Anasongwa na zamu. Katika hati za kazini tungeandika msongo wa kazi pale chanzo kilipo kazini, na kuliacha msongo wa mawazo kwa maana yake ya jumla. Ile hali ya kuchoka kabisa kwa sababu ya msongo wa kazi usioshughulikiwa, ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiingiza katika orodha yake kama hali itokanayo na kazi, si kama ugonjwa, inaweza kuitwa uchovu sugu wa kazi. Tumeona pia "uchakavu wa mfanyakazi". Huchakaa nguo na gari.

Kwa usimamizi tutasema machache. Anayeendesha mpango huu aitwe mratibu. Msimamizi ni yule anayetia sahihi ruhusa na adhabu, na mtu hamwelezi presha yake mtu huyo. Mfanyakazi anayewaelimisha wenzake ni mwelimishaji rika, istilahi iliyokwisha kukubalika. Majibu ya vipimo yanahitaji maneno mawili: faragha ni haki ya mfanyakazi kutoingiliwa, na usiri ni wajibu wa mratibu kutotoa alichokijua. Fomu nyingi huahidi "siri" tu, bila kusema ni nani anayeitunza wala dhidi ya nani. Tangu kutungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, utatanishi huo unaweza kumfikisha mwajiri mbele ya Tume, kwa hiyo sentensi kamili iandikwe: "Majibu yako atayaona daktari na wewe mwenyewe, mwajiri hatapewa."