Medali ya mutumishi ni kitu gani?



Mu chumba cha muzee wangu, hapa Bukavu, kuna medali ya "mérite civique" imetundikwa kwenye musumari. Alivalishwa tarehe 1 Mei, juu ya miaka mingi aliyopika kwenye nyumba ya wageni ya shirika moja. Dekonti yake ya mwisho bado haijatoka mpaka leo.

Njo maana nikajiuliza: hii desturi ilitoka wapi?

Ilikomaa kwenye nyumba za wafalme. Mwaka 1872, Malkia Victoria wa Uingereza alianzisha medali ya watumishi waaminifu wa nyumba yake. Mwaka uleule, mutumishi wake John Brown alimukamata kijana aliyemutishia malkia kwa bastola. Brown alipewa medali ya dhahabu, na pamoja nayo paundi 25 kila mwaka. Hata leo, anayetumika miaka 20 kwenye nyumba ya mfalme kule anapata medali.

Kwetu, medali iliingia kwa njia ya Leopold II. Kwanza walivalishwa machifu. Bazee bado wanasema "chef médaillé". Ile medali shingoni ilionyesha kwamba Serikali njo imemutambua. Kisha, tarehe 24 Agosti 1900, Leopold aliunda nishani yenye jina lake, kwa waliomutumikia yeye mwenyewe. Wadogo walipata medali za dhahabu, feza ao shaba.

Mimi sisemi medali ni mbaya. Siku ile muzee alivaa koti, jirani wote wakaja, mama akalia kwa furaha. Mutu anapenda kazi yake ionekane. Lakini Brown alipata vitu viwili: heshima na feza ya kula. Muzee wangu alipata kimoja tu.

Sasa tujiangalie sisi wenyewe. Wengi wetu tuko na mupishi, yaya ao mulinzi ku nyumba. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inagusa kila mutumikaji na kila mwajiri. Je, wako ana mukataba? Umemuandikisha ku CNSS? Tukimaliza ile, njo tutafute medali.