Glaida Katika Anga ya Baridi: Pumzi ya Rubani (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi upepo unaovuka milima unavyofanya mawimbi, na jinsi glaida, ndege isiyo na injini, inavyobebwa na mawimbi hayo hadi juu sana. Leo tumtazame rubani mwenyewe.

Mwaka 1961 rubani wa glaida Paul Bikle alifika mita 14,102 juu ya California bila suti ya shinikizo. Namheshimu, lakini asiigwe. Kuanzia mita 12,000 hivi, hata oksijeni tupu kwenye barakoa ya kawaida haitoshi, kwani shinikizo la hewa ni dogo mno kuisukuma iingie damuni. Anayekatikiwa na oksijeni kwenye kimo hicho hubaki na akili timamu kwa sekunde kama 20 tu. Tena haumii. Hujiona mzima, pengine hata mchangamfu, na hapo ndipo anapopotea. Kwa hiyo mitungi na mirija hukaguliwa chini, na barakoa huvaliwa mapema, kabla mwili haujaidai.

Pumzi hiyohiyo inayomweka hai humziba macho. Mvuke wake huganda kwenye kioo, na asiyeona nje hawezi kutua. Dirisha dogo la pembeni huachwa wazi ili hewa kavu ipite, ingawa miguu inakufa ganzi. Unyevu huganda pia kwenye breki za mbawa, hivyo rubani mwangalifu huzifungua kidogo kila mara, asije akazihitaji zikakataa. Rangi ngumu ya mbawa nayo huweza kupasuka kwa baridi.

Mwaka 2006 Steve Fossett na Einar Enevoldson walivuka mita 15,400 huko Argentina wakiwa na suti za shinikizo. Suti zilivimba hata ikawa vigumu kuongoza ndege. Kilicholinda mapafu kilifunga mikono. Ndiyo sababu glaida ya Perlan 2 ilijengwa na chumba kilichozibwa na kutiwa shinikizo. Tarehe 2 Septemba 2018, Jim Payne na Tim Gardner waliipandisha kutoka El Calafate, hukohuko Argentina, hadi zaidi ya mita 22,000. Kupita mita 19,000 shinikizo ni dogo kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Ndani ya chumba hicho, kaboni dioksidi ilichujwa kutoka pumzi zao, nao wakavuta tena oksijeni iliyobaki.

Wiki ijayo: kwa nini kipimo cha mwendo husoma chini ya mwendo halisi katika hewa hafifu, na jinsi mbawa zinavyoweza kutikisika hadi kuvunjika.