Kazi Ng'ambo ya Mpaka: Mkataba Kwanza, Safari Baadaye



Tuseme kontrakta anafika Kau kutafuta mafundi. Ana mjengo Tanga, nchi ya Tanzania. Mshahara mzuri, nauli juu yake. Vijana wanne wanafunga mizigo: Garsen, Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, wanavuka. Baada ya miezi miwili tajiri haonekani, mshahara hakuna, na karatasi hawana. Sasa watadai kwa ushahidi gani?

Kwani hatuna soko la pamoja?

Tunalo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu cha 10 kinakataza kumbagua mfanyakazi wa nchi mwanachama kwa ajili ya uraia wake, iwe ni katika kuajiriwa, malipo au masharti ya kazi. Pia kinampa haki ya kujiunga na wenzake kutetea maslahi yao, na kupata mafao ya hifadhi ya jamii.

Lakini mlango huo una bawabu. Nchi ziliorodhesha kazi walizofunguliwa wageni, na si kila kazi imo. Tena, kwa kazi ya zaidi ya siku 90, kibali huombwa katika muda wa siku 15 za kazi baada ya kufanya mkataba. Asiye na mkataba hana hata pa kuanzia.

Sheria yetu inasemaje?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje utiwe sahihi na pande zote mbili, kisha uthibitishwe na afisa wa leba. Afisa huyo lazima aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, hakudanganywa, ameyaelewa masharti, na afya yake inaiweza kazi. Tajiri asiyeishi wala kufanya biashara Kenya anatakiwa kuweka dhamana. Na kumshawishi mtu aende kazi ya nje bila mkataba rasmi ni kosa.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda gari:

1. Uliza kama kazi yako imo katika orodha ya nchi unayokwenda, na nani atashughulikia kibali.
2. Mkataba utaje jina la mwajiri, mahali, aina ya kazi, saa, mshahara na ni kwa pesa ya nchi gani, matibabu, na nauli ya kurudi.
3. Usitie sahihi jambo usilolielewa. Omba usomewe.
4. Nendeni kwa afisa wa leba kabla ya kuvuka. Mombasa iko njiani.
5. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine kwa katibu wa kikundi.
6. Pasipoti ni yako. Usimwachie tajiri akuwekee.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho ni mali.

Ya kujadili kikundini

Ni nani kati yetu ana mtoto anayefanya kazi nje ya Kenya? Je, tunalijua jina la tajiri wake? Nakala ya mkataba wake iko wapi?