Matembezi ya Kipupwe katika Bonde la Ruhr

Msafiri apendaye kutembea peke yake wakati wa kipupwe hana budi kulizuru bonde la Ruhr, Ujerumani, ambako mashamba, nyumba za wachimba makaa na viwanda vilivyozimika vimechanganyika hata mtu asitambue mji waishia wapi na shamba laanzia wapi. Miti ikiwa imepukutika majani, macho huona bayana yale ambayo kiangazi huyasitiri: mnara wa mgodi wa Zollverein, uliofungwa mwaka 1986, na vilima vya mawe yaliyotolewa migodini, ambavyo leo vimeota miti ya betula. Hata mto Emscher, uliokuwa mfereji wa uchafu kwa zaidi ya karne, umesafishwa. Matembezi hayo humfunza mtu kwamba ardhi iliyodhulumiwa yaweza kuhuika, ilimradi wanadamu waazimie kuitendea insafu.