Plasta, kitambaa au matone: hesabu ya jicho vivu

Jirani yangu hapa Gihosha, Bujumbura, aliambiwa na daktari wa macho kwamba binti yake wa miaka minne ana jicho vivu. Tukaketi barazani na kalamu. Kwenye karatasi alikuwa ameandika neno moja, plasta. Nikamwomba aandike miwani juu yake.

Ubongo wa mtoto ukizoea kutumia jicho moja, jingine hulipuuza, hata likionekana zima. Sababu kubwa ni kengeza, au macho mawili kutofautiana namba ya lenzi. Hao ambao macho yao yanatofautiana namba, miwani pekee huwasaidia sana: katika utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2006, watoto 27 kati ya kila 100 walipona bila kufunikwa jicho. Kwa hiyo faranga za kwanza ni za lenzi nzuri na fremu isiyoteleza puani. Plasta ununue daktari akishapima tena na kuona miwani haijatosha.

Plasta hubandikwa kwenye jicho zima, si lile vivu (jirani alidhani kinyume, naye si wa kwanza). Kwa uvivu wa wastani, utafiti wa 2003 ulionyesha kwamba saa 2 kwa siku zinafanya kazi sawa na saa 6. Ni nafuu kwa mtoto, lakini mfukoni haibadilishi kitu, maana plasta ikibanduliwa imekwisha. Miezi minne ni plasta 120 hivi. Zidisha kwa bei ya moja kwenye duka la dawa, uone.

Kitambaa cha kuvishwa kwenye lenzi fundi cherehani anakishona mara moja, unakifua kwa sabuni. Ubaya wake, mtoto huinamisha kichwa akapiga chabo juu ya miwani, na saa zako 2 zimepotea. Usikinunue kama hakuna mtu mzima wa kukaa naye.

Kuna pia matone ya atropini, ya kutia ukungu jicho zima. Utafiti wa 2002 uliyakuta karibu sawa na plasta baada ya miezi sita, na wa 2004 ukaona kuyatia wikendi tu kunatosha. Usidhani utaokoa chupa: kwa kawaida ikifunguliwa hutupwa baada ya wiki nne. Ongeza kofia, maana mboni hubaki wazi na jua la Bujumbura halina huruma. Tena ni sumu yakinywewa, yafungiwe juu kabatini.

Jirani ana bahati moja. Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza matibabu bure kwa walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Kama miwani na plasta vimo, aulize dirishani kabla hajaondoka. Na nauli isisahaulike: mafuta yakikosekana, kushuka mjini kila miadi si mchezo.

Karatasi sasa inaanza na miwani. Plasta imeshuka mstari wa nne, chini ya nauli.